Kiti, rejista na watoto wa Jumamosi: tuliyopitia kwenye maktaba ya mtaa huku Eastlands, Nairobi

Nimeulizwa sana na wazazi, na hata vijana wa ploti za jirani, venye tulianzisha kikundi cha watoto kusoma kwenye maktaba ya mtaa, ati ruhusa tulipewa na nani, pesa tulitoa wapi, na kama kweli kuna mtu bado anaenda maktaba siku hizi za simu. Nimeona niandike yote mara moja, na nitaandika na yale ya ndani, maanake zile picha za watoto wameshika vitabu wakicheka hazionyeshi siku tuliambiwa turudi nyumbani.

Kwanza mjue mimi sikuenda maktaba kwa sababu ya watoto, nilienda kutafuta mahali pa kukaa. Duka la jumla nililokuwa keshia huko tao lilifungwa, nikabaki na deni la kodi na CPA ya kasneb, ile mitihani ya uhasibu, niliyokuwa nimeiacha katikati nilipojifungua. Nikajiambia kama kazi imeisha basi wacha nimalize mitihani, nikianza tena kuzungusha CV niwe na kitu mkononi. Pesa ya darasa sikuwa nayo kwa hivo ilibidi nijisomee, na hapo ndipo shida ilianza, maanake kwetu Umoja ni chumba kimoja, chini kuna jamaa anachomelea mageti tangu asubuhi, juu kuna kanisa lina kinanda na spika, na koridoni ni watoto wa ploti nzima. Nilijaribu kusoma usiku, tokeni za stima zikawa zinaisha kabla mwezi kufika nusu. Nikajaribu kukaa mkahawani, chai moja ni pesa ya unga na ukikaa sana unaanza kuangaliwa vibaya. Saiba ni kelele na wanakuhesabia dakika. Kulikuwa na usiku nafungua kitabu cha uhasibu naanza kulia tu, si kwa sababu hesabu ni ngumu, ni kwa sababu sikuwa na hata meza ya kuifanyia.

Kijana wa jirani aliyekuwa akirudia KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kibinafsi ndiye aliniambia, "Auntie, si ukuje tu maktaba." Nikamfuata. Mlangoni palikuwa na meza na daftari moja kubwa la jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula: jina, mtaa, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Biki imefungwa kwa uzi wa gunia isipotee. Nilisimama hapo nimeshatoa pochi, nikauliza kadi ni pesa ngapi. Dada wa dawati akaniambia, "Madam, andika jina uingie. Kadi ni ya wanaoazima."

Hiyo peke yake watu wengi hawajui. Nimekutana na wazazi wameishi karibu na maktaba miaka na miaka, wanaamini huwezi kuingia bila kuwa memba. Kukaa na kusoma ni kitu kimoja, kuazima kitabu uende nacho nyumbani ni kitu kingine. Kwa kuazima ndio utaulizwa fomu, kitambulisho, picha, mtu wa kukudhamini na ada ya usajili, na mtoto anahitaji mzazi au shule imtilie sahihi. Kuna maktaba zinatoza pesa kidogo ya kuingia kwa siku na kuna zisizotoza, kwa hivo uliza pale mlangoni, usikae nyumbani ukikisia.

Nilipoingia nilishangaa kidogo. Karibu kila mtu alikuwa amekuja na vitabu vyake mwenyewe. Wa KCSE na past pepa zao, wa kampasi na laptopu, jamaa mmoja na noti za sheria, wengine wanajaza fomu za kazi, na mzee mmoja na magazeti. Vitabu vya maktaba vyenyewe vilikuwa vimejipanga kwenye rafu vinangoja. Siku za kwanza nilidhani hiyo ni aibu, kwamba maktaba imekuwa chumba cha kukalia. Siku hizi naona tofauti kabisa. Ukiishi nyumba ya kumi kwa kumi na watu watano, kiti, meza, mwanga na watu walionyamaza ni huduma kubwa kuliko kitabu chochote utakachowekewa kwenye rafu. Kitabu naweza kuomba kwa rafiki. Kimya siwezi kuomba kwa mtu.

Kwa anayetaka kwenda kujisomea, haya ndio ninayowaambia wote. Fika asubuhi mapema, hasa kuanzia Oktoba hadi Novemba wakati wa KCSE, maanake viti vinajaa na hakuna mtu atakuwekea. Soketi ni chache kwa hivo chaji simu nyumbani. Begi mara nyingi linaachwa mlangoni, toa pesa na simu kwanza. Beba sweta, zile kuta za zamani zina baridi hata jua likiwaka nje. Chakula kiwe cha nje, chapo madondo kwa kibanda kisha unarudi. Na tembea maktaba zaidi ya moja kabla ya kuamua, kila moja na tabia yake.

Hapa Nairobi kuna jamii mbili za maktaba za umma, na ningejua hili mapema ningeokoa nauli nyingi. Kuna za kaunti, yaani McMillan pale Banda Street karibu na msikiti wa Jamia, na matawi yake mawili huku Eastlands, Kaloleni na Makadara. Halafu kuna zenye jina la knls, lile shirika la kitaifa la maktaba lililoundwa kwa sheria ya 1965, kama ile ya Buruburu kwenye Mumias Road, ya Kibera, na Maktaba Kuu huko Community. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliweka maktaba kati ya kazi za kaunti. Kwa mtu anayetaka kukaa asome tu, hiyo haikuhusu. Lakini siku utakapotaka kuandika barua ya kuomba kitu ndio utajua umuhimu wa kuuliza kwanza: hii nyumba ni ya nani, na anayetia sahihi anakaa ofisi gani. Barua yetu ya kwanza ilizunguka ofisi mpaka ikachoka, kumbe tulikuwa tumeipeleka mlango usio wake.

Sasa watoto waliingiaje. Shule zilifungwa Agosti, binti yangu alikuwa Gredi ya 4, pesa ya kumwachia mtu sikuwa nayo, baba yake ni fundi wa mbao anatoka alfajiri. Nikaenda naye. Siku ya kwanza alikaa vizuri. Siku zilizofuata akaanza kutafuta wenzake, nikageuka nikaona ameketi sakafuni kati ya rafu na watoto wengine wanne anawasomea hadithi ya sungura kwa kunong'ona, lakini ule mnong'ono wa mtoto unaosikika mpaka barabarani. Jamaa wa noti za sheria akaja akaniambia kwa heshima lakini kwa uchungu, "Dada, mimi nina mtihani wiki ijayo." Sikuwa na la kumjibu, nami nilikuwa na wangu. Dada wa dawati ndiye alituokoa, aliwachukua watoto akawapeleka verandani na mkeka, akaniambia kama nitakaa nao hapo nje hata saa moja hatanizuia.

Hivo ndio ilianza. Hapakuwa na mradi wala mfadhili. Mama mboga wa getini akawa analeta wake wawili, msichana wa kampasi akajitolea kusoma nao, yule kijana wa KCSE akawa anawasaidia hesabu akichoka na zake. Shule zilipofunguliwa watoto wakaendelea kuja Jumamosi.

Niseme kuhusu pesa maanake ndiyo mnauliza sana. Vitu vyenyewe si ghali: manila, kalamu za rangi, gundi, maji ya kunywa, plasta za vidole. Ghali ni nauli za watu wazima wanaojitolea, na Jumamosi yako. Mimi sikuwa na kazi, na mume wangu aliniuliza waziwazi mbona siku ambayo ningefua nguo za watu nikalipwa naitumia kwa watoto wa wenyewe. Lilikuwa swali la haki na lilituletea maneno nyumbani kwa muda mrefu. Kulikuwa na Jumamosi nilikaa verandani nasoma hadithi kwa sauti ya furaha na kichwani nahesabu kodi. Ukianzisha kitu kama hiki, zungumza na watu wa nyumba yako kabla hujaahidi watu wa nje. Baadaye mwenyewe alikuja akaona watoto wamekaa kwenye simiti, hakusema kitu, wiki iliyofuata akaleta benchi mbili alizotengeneza kwa mbao za paleti. Bado hakubaliani na mimi kwa kila kitu lakini zile benchi zipo.

Kitu tulichojaribu na kikatuharibikia ni chakula. Mtu mmoja mwenye roho nzuri alitoa pesa tukaanza kutoa mandazi na juisi. Watoto wakawa wengi ghafla, wengine wanafika saa ya mandazi na kuondoka, makombo yakaleta panya mpaka kwa rafu, na pesa ilipoisha idadi ikashuka chini ya ile tuliyokuwa nayo mwanzo, maanake hata waliokuwa wakija kwa hadithi sasa waliona kama wamenyimwa kitu. Siwalaumu, mtoto mwenye njaa hana hadithi, lakini kama huwezi kulisha mwaka mzima usianze. Tulibaki na maji ya kunywa, na tukapanga tumalize kabla ya saa ya chakula cha mchana ili mtoto arudi kula kwao.

Vitabu vya msaada pia vinahitaji kichwa. Ukitangaza kwamba unahitaji vitabu, utaletewa masanduku ya vitabu vya kiada vya 8-4-4, ule mtaala wa zamani, vingine vimejazwa majibu kwa biki, na watu wanakuletea kwa moyo safi kabisa. Sasa uko na sanduku ambalo huwezi kutumia na huwezi kutupa. Tulijifunza kusema tunataka nini hasa: hadithi, hasa za Kiswahili, za watoto wa Gredi ya 2 hadi 6, kurasa zote ziwepo. Za Kiswahili ndizo huisha haraka. Hata mtoto anayesoma Kiingereza vizuri shuleni, ukimpa achague cha kusoma kwa sauti mbele ya wenzake atachukua cha Kiswahili, maanake hapo anaweza kuigiza fisi na kila mtu akacheka kwa wakati mmoja.

Kuhusu kurasa, wacha niwaambie. Kulikuwa na kitabu kimoja watoto walikipenda sana, cha msichana aliyepotea sokoni, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimeng'oka zamani. Kila mara tukifika pale msichana amesimama kati ya vibanda giza linaingia, hadithi inakatika, na kila mara kelele zinaanza. Dada wa dawati akachukua karatasi nyeupe, akazikunja, akazishona kwa sindano na uzi mweusi ndani ya lile jalada, akasema haya, mtuambie alifika nyumbani vipi. Wiki hiyo walibishana mpaka basi. Mmoja akasema anapelekwa na makanga anayemjua mamake, mwingine akakataa, ati mtoto haendi na makanga, anakaa kwa mama mboga mpaka atafutwe. Mtoto ambaye hakuwa amewahi kusoma hata sentensi mbele yetu akaomba biki akaandika kwamba msichana aliingia maktaba kwa sababu hapo hakuna mtu anauliza umekuja kununua nini. Kile kitabu sasa kina miisho mingi, mwandiko tofauti tofauti, na kimechoka kuliko vyote.

Yule mzee wa magazeti naye tukamwomba awe anaongea na watoto. Ni mzee wa Kaloleni, amepita miaka themanini, anasoma gazeti akianzia nyuma kwenye michezo. Aliwaambia kuhusu McMillan, venye ilifunguliwa 1931, mama mmoja wa kizungu, Lady Lucie McMillan, akiijenga kwa kumbukumbu ya mume wake Northrup, yule Mmarekani aliyezikwa Ol Donyo Sabuk. Simba wa mawe pale kwenye ngazi watoto wanawajua, wamepita hapo wakienda tao. Wasichokuwa wakijua ni kwamba Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo mpaka 1958. Mzee alikuwa kijana mkubwa tayari mwaka huo. Watoto wakanyamaza, halafu mmoja akamuuliza, "Sasa guka, wewe ulikuwa unasoma wapi?" Akasema alikuwa anasoma zile karatasi za gazeti zilizofungiwa nyama, anaziosha damu kwanza. Mimi nimesoma shule mpaka kidato cha nne na kuendelea, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia hivo kuhusu jengo ninalopita kila nikienda Banda Street.

Baada ya hapo watoto wakataka kujua wale wasio na maktaba kabisa hufanya nini, wakaambiwa kuhusu ngamia wa Garissa ambao knls ilianza kuwatumia 1996 kubeba masanduku ya vitabu mpaka kwa wafugaji. Hawakuamini. Ilibidi waonyeshwe picha kwenye simu, na ubishi ukahamia kama ngamia akichelewa kurudisha kitabu anatozwa faini.

Haya, ile siku tuliambiwa turudi nyumbani. Msimamizi aliyetukubalia kwa mdomo alihamishwa. Aliyekuja akauliza jambo moja tu: barua iko wapi? Hatukuwa nayo. Watoto walikuwa wamesimama getini na mifuko yao, wengine wamevaa nguo za Jumapili, na mimi ndio nikawaambia warudi. Niliumia sana siku hiyo, lakini huyo msimamizi alikuwa sawa, angejuaje sisi ni nani. Ilituchukua muda mrefu kurudi kwa sababu ya barua kuzunguka kama nilivyosema. Kwa hivo anza na barua, hata kama mnafahamiana na mkutubi kama ndugu. Andika mko wangapi, siku gani, saa ngapi, mtatumia sehemu gani, nani ni mtu mzima anayewajibika na nambari ya kitambulisho chake, na msichohitaji pia, maana ofisi huogopa kuombwa pesa. Piga kopi, mpe mapokezi, hakikisha kopi yako imegongwa muhuri wa tarehe. Hiyo kopi yenye muhuri ndiyo ilitufungulia geti mara ya pili.

Kwenye barua hiyo tuliweka pia mambo ya usalama wa watoto, na sasa nayafuata kuliko kitu kingine. Watu wazima wawili wakati wote, hakuna mtu kubaki na mtoto peke yake hata kama ni mama wa watu. Karatasi ya nani kamleta na nani anamchukua. Na picha: sheria ya kulinda data ya 2019 inataka idhini ya mzazi ukikusanya taarifa za mtoto, kwa hivo tunamwomba mzazi idhini ya maandishi kabla ya kupiga picha. Kuna mtu alikuja na kamera kubwa akitaka kupiga watoto kwa kampeni yake, tukamwambia alete barua za wazazi, hakurudi.

Tuliporudi ndio tukakutana na jambo gumu kuliko yote, na hili sijaona likisemwa na watu wanaosifia shughuli za maktaba. Kwenye ubao wa matangazo palibandikwa karatasi imetiwa sahihi na wasomaji wengi wa kila siku, inaomba maktaba irudi kuwa maktaba. Nilisoma majina, nusu yao nawajua, ni watu tunaoketi meza moja siku za wiki, tunaachiana soketi. Na nilijua wana haki, maanake Jumatatu hadi Ijumaa mimi ni wao. Yule anayerudia KCSE akishindwa hana mwaka mwingine wa bure. Mtu anayesema watoto ni wa maana kuliko huyo, au huyo ni wa maana kuliko watoto, hajakaa pande zote mbili.

Tuliitana chini ya mti, wasomaji, wazazi, na msimamizi mpya ambaye aliongoza vizuri sana. Watu walisema mabaya, na ilikuwa afadhali yasemwe. Tukakubaliana: watoto ni asubuhi ya Jumamosi peke yake, nje, verandani na uani. Kuingia ndani ni kuchagua kitabu, watano watano, kimya. Mvua ikinyesha hakuna kikao, Aprili tunapoteza Jumamosi nyingi na tumekubali. Oktoba na Novemba tunahamia ukumbi wa mtaa tuwaachie wa mtihani nafasi yote. Nao wasomaji wakakubali kutoa nusu saa mmoja mmoja kwa zamu. Jamaa wa noti za sheria ndiye alikuwa wa kwanza kwenye zamu, aliwafundisha watoto venye kesi inaendeshwa, wakamshtaki fisi.

Kama mtaa wako una maktaba iliyofanyiwa ukarabati, nenda uone venye wameipanga kabla ya kuanza. Kaloleni na Makadara zilifanyiwa kazi kubwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, na nilipoenda nilijifunza kwa macho tu, mahali pa watoto na mahali pa wakubwa. Kwa McMillan, uliza kwanza kama iko wazi siku unayotaka kwenda, maanake jengo la zamani hivo lina ukarabati wake.

Sasa ile rejista. Miaka yote nilikuwa naandika jina haraka haraka bila kufikiria, na watoto wetu hatukuwa tukiwaandikisha kabisa, tulidhani ni ya wakubwa. Siku moja dada wa dawati akanionyesha venye mwisho wa mwezi anahesabu mistari kwa kidole, anajaza fomu, inaenda juu. Akasema, "Mkuu akiuliza kwa nini tubadilishiwe taa, mimi nina hii tu." Yaani Jumamosi zote zile za veranda iliyojaa, kwenye karatasi zilionekana kama siku kavu. Tangu hapo kila mtoto anaandika jina lake mwenyewe, hata wa miaka sita anayechukua dakika nzima na kuvuka mstari, foleni inafika getini na hatumharakishi mtu.

Na hizo nambari ndizo tulibeba kwenye mkutano wa bajeti. Kila kaunti lazima ipeleke makadirio ya bajeti kwa bunge lake kufikia tarehe 30 Aprili, na ule mpango wa matumizi unaotangulia unapelekwa kufikia 28 Februari, na kote huko wananchi wana haki ya kusikizwa. Matangazo ya mikutano huwa ya haraka, ukikaa wiki moja bila kuuliza kwa ofisi ya wadi imeshapita. Tulienda tukiwa wachache, mama mboga, mzee wa magazeti, mimi na wazazi wengine. Watu walizungumza barabara, mitaro, taa za usiku, yote ya kweli. Nikainuka miguu inatetemeka nikasema maktaba, nikasoma jumla za rejista za mwaka mwezi kwa mwezi. Aliyekuwa akiandika akaniomba nirudie maana hakuwa na safu ya hilo. Akaambiwa aongeze.

Tumepata mabati ya upande mmoja uliokuwa ukivuja na taa za veranda. Mimi mtihani wa kiwango cha kati nimepita isipokuwa somo moja, narudia, na bado niko meza ile ya dirishani siku za wiki. Mwaka huu tunaomba vyoo vya watoto na tangi la maji. Mkutano wa wadi ukitangazwa, njoo na jirani mmoja, na kabla ya siku hiyo ukipita maktaba yoyote ya mtaa wenu, hata umeingia kuchaji simu na kupumzika jua, simama mlangoni uandike jina, mtaa na saa.